Ziwa Lililokataliwa

Goodness alikuwa na miezi mitano alipolikataa ziwa la kushoto la mama yake. La kulia alinyonya mpaka akasinzia nalo mdomoni, lakini ukimgeuzia la kushoto alikaza shingo, akafumba mdomo na kupiga kelele kama aliyepakwa pilipili. Ilikuwa Agosti, kahawa imeiva kwa mkupuo, na hapa Isansa mwezi huo hakuna mwenye muda wa kubembeleza mtoto. Mimi bibi yake nikatua ndoo yangu na kusema, mbele ya wachumaji wanne, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Huyu mtoto amebemendwa."

Kwa asiyelijua neno hilo, maana yake ni kwamba baba au mama wa mtoto anayenyonya ametoka nje ya ndoa, na uchafu wa tendo hilo umemwingia mtoto. Mtoto aliyebemendwa hukonda, hulegea miguu, na kwetu wengine husema hulikataa hata ziwa la mama yake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa kuamini. Kwa hiyo kwa neno moja nilikuwa nimemwita mkwe wangu malaya au mwanangu mhuni, mmojawapo, na wachumaji wale walikwenda nalo makwao jioni ile.

Nina mdomo, najua. Jina langu ni Ferista, ila wengi huniita Mama Hezron, na kwa miaka thelathini wanawake wa kata hii wakijifungua huniita niwakande. Nachemsha maji, nachovya kitambaa, nakanda tumbo, mgongo na matiti mpaka maziwa yatoke bila shida. Nimekanda wake wa walimu, mke wa mchungaji, hata binti mmoja aliyekuja kutoka Mkwajuni kwa pikipiki kwa sababu alisikia sifa zangu. Mikono hii ilikuwa jeuri yangu. Nilijisifu kwamba naweza kugusa ziwa la mzazi gizani nikakwambia mtoto alinyonya upande gani mwisho.

Sasa aibu yangu inaanzia hapo hapo. Kabla mtoto hajalikataa lile ziwa, mikono ilikuwa imeshajua.

Ilikuwa Juni. Atuganile, mkwe wangu, binti wa Kindali kutoka Ileje, mwenye miaka thelathini na tatu na uzazi wake wa tatu, alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, na mimi namkanda kama kawaida. Upande wa kushoto, juu kidogo kuelekea kwapani, vidole vyangu vikapita juu ya kitu. Kidogo, kama punje ya mahindi iliyofichwa chini ya shuka. Nikarudi, nikakibonyeza. Maziwa yaliyoganda nayajua: huwa ya moto, mzazi hushtuka ukimgusa, na mtoto akinyonya vizuri hulainika. Hiki kilikuwa baridi. Hakikumuuma. Kilikuwa kigumu, na kingo zake hazikuwa laini.

"Mama, ni nini hicho?" akaniuliza, maana alinihisi nimesita.

"Maziwa yameganda," nikasema. "Unambeba mtoto upande mmoja tu, ndiyo matokeo yake."

Nilisema hivyo kwa sababu mkandaji akisema hajui, nani atamwita tena? Nikaongeza maji ya moto. Kesho yake kitu kilikuwepo. Wiki iliyofuata kilikuwepo. Nikazoea kukipita, kama unavyozoea kisiki kilicho njiani. Lakini kila nilipokipita, moyo ulipiga mara moja kwa nguvu, na mimi nikauambia utulie.

Ndiyo maana Goodness alipolikataa ziwa nilifurahi. Ndiyo, nasema nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimetafuta maelezo kwa miezi miwili, na sasa nilikuwa nayo: kubemenda. Mtoto amelikataa ziwa kwa sababu ziwa limechafuliwa, na kile kitu kigumu kilichomo ni huo uchafu wenyewe. Kila kitu kikakaa mahali pake. Mtu mwenye hofu akipata jibu haulizi kama ni la kweli.

Mwanangu Hezron ni dereva wa malori Tunduma. Anavuka mpaka kwenda Zambia, anakaa foleni siku tatu au nne, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi akiwa ananuka dizeli. Nilimpigia simu aje. Jumapili baada ya ibada tukakaa sebuleni: mimi, Hezron, Atuganile na shemeji yangu Luka, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye huitwa kila panapotakiwa mwanamume wa kukunja uso.

Hezron aliulizwa kwanza. Akaweka mkono juu ya Biblia.

"Mama, mimi barabarani nalala kwenye kebini ya lori. Sijamgusa mtu. Niapisheni mnavyotaka."

Tukamwamini. Nakiri tulimwamini upesi sana. Kisha Luka akamgeukia Atuganile na kukohoa.

"Sijafanya," akasema Atuganile.

"Basi mtoto amefanyaje?"

"Sijui, Baba. Ila huku ndani kuna kitu. Mama anakijua. Hata maziwa ya upande huu yamepungua. Naomba mniruhusu niende hospitali."

Wote wakanitazama. Pale ndipo njia ilipogawanyika, na sikuhitaji kufanya jambo kubwa; nilihitaji kusema tu "ni kweli, kipo, nami sikielewi". Badala yake nikasema:

"Hospitali wanajua nini kuhusu kubemenda? Watamdunga mtoto sindano afe."

Dawa ya kubemenda ipo. Kuna mama mmoja anaiuza, mizizi ya kumwogeshea mtoto. Lakini dawa hiyo, kwa masharti yake, haishiki mpaka mkosaji ataje mtu aliyetoka naye nje. Asipotaja, unamwogesha mtoto maji bure. Kwa hiyo kuanzia Jumapili ile kazi yangu ikawa kumfanya Atuganile ataje.

Sikumpiga. Wengine hupiga. Mimi nilitumia mdomo. Asubuhi tukienda shambani, mchana tukikoboa, jioni tukigeuza kahawa kwenye vichanja, neno lilikuwa moja. Mtoto anakonda, wewe unatunza siri. Mtoto anakufa, wewe unalinda jina. Na kweli Goodness alikuwa amekonda. Ziwa moja halikumtosha na hakuna aliyefikiria kumwanzishia uji. Atuganile alikaa kimya wiki tatu. Siku hizo bado nilikuwa namkanda. Kile kitu kilikuwa kimefikia ukubwa wa tunda la kahawa.

Siku aliyotaja, jua lilikuwa kali na tulikuwa tunachambua kahawa mbovu kichanjani, yeye upande ule na mimi upande huu. Hakuinua macho.

"Ni mtu wa Kamsamba," akasema. "Mnunuzi wa mpunga. Hamumjui. Sasa mtibuni mtoto."

Mikono yake iliendelea kuchambua. Mimi nikasimama kama nimepigwa na kitu. Sikushangaa kwamba ametaja. Nilishangaa kwa sababu nilijua anadanganya.

Tangu ajifungue, huyu mtoto wa watu hakuwahi kutoka bila mimi. Siku arobaini alikaa ndani, mimi nikimpelekea chakula. Baada ya hapo shambani tulikwenda wote, kliniki tulikwenda wote, kanisani tulikaa benchi moja. Kamsamba ni kule chini bondeni kwenye joto, mwendo wa siku nzima ukijumlisha kusubiri gari. Huyo mnunuzi wa mpunga angemkuta wapi? Kwenye gunia? Alikuwa amejivika uchafu usio wake ili dawa ishike kwa mtoto wake, na mimi peke yangu duniani ndiye niliyekuwa shahidi kwamba hana kosa. Nikampigia simu Hezron nikamwambia mkeo ametaja.

Hezron alikuja siku moja, akachukua nguo zake, akarudi Tunduma. Hakumpiga, hakumtukana. Alimtazama tu, na nadhani Atuganile angependelea kupigwa. Tangu siku hiyo simu za mkewe hakuzipokea.

Mtoto tukamwogesha mizizi. Yule mama muuza dawa akatuambia pia tumpe uji mwepesi wa ulezi asubuhi na jioni ili dawa ipate nguvu. Goodness akanywa uji, akanona. Ndani ya mwezi mmoja mashavu yakarudi. Watu wakanisifu. Wanawake walinisimamisha njiani: Mama Hezron, bila wewe yule mtoto angekuwa kaburini. Nami nilipokea sifa hizo, huku nikijua kwamba ziwa la kushoto bado amelikataa, na kwamba kile kitu hakikusikia dawa wala ungamo. Oktoba nilijaribu kukisukuma kwa vidole kikakataa kusogea, kama kimeshikana na nyama ya ndani. Novemba, mvua za kwanza, ngozi ya juu yake ikaanza kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, na chuchu ikavutwa ndani.

"Leo usinikande, Mama," Atuganile akaniambia siku moja, akajifunga kanga hadi shingoni. "Imetosha."

Nilishukuru. Nilikuwa nimeanza kuogopa kugusa.

Desemba Goodness alitimiza miezi tisa, tukampeleka zahanati kwa chanjo ya surua. Nesi alikuwa mgeni, Sista Bushra, binti wa Tanga mwenye hijabu nyeupe na sauti ya taratibu. Alimpima mtoto, akaridhika, akamchoma sindano. Goodness akalia, Atuganile akatoa ziwa la kulia kumtuliza. Sista Bushra alikuwa anaandika kwenye kadi. Kalamu ikasimama.

"Na huku anyonye pia, mama, usimzoeze upande mmoja."

"Huku hataki," akasema Atuganile.

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

Sista Bushra akafunga kadi. Hakuuliza habari za ndoa. Hakuuliza nani amelala na nani. Alisema, "Njoo nyuma ya pazia nikuangalie," na mimi nikawafuata bila kuitwa, kwa sababu sikuweza kukaa kwenye lile benchi.

Alimwambia avue blauzi, akae wima, ainue mikono yote miwili juu ya kichwa. Alipoinua, ziwa la kulia lilipanda na la kushoto likabaki, ngozi ikabonyea ndani kama kuna uzi unavutwa kutoka upande wa pili. Miezi sita nimelikanda lile ziwa na sikuwahi kumwambia ainue mikono. Kisha akamlaza na kuanza kupapasa kwa ncha za vidole vitatu, akizungusha taratibu, kutoka nje kuja ndani, kisha kwapani. Kwapani akakaa muda mrefu. Uso wake haukubadilika, na ndio ulionitisha, maana ulikuwa uso wa mtu anayejizuia.

"Kuna mtu aliyewahi kushika hapa kabla yangu?"

Atuganile alinitazama. Nikasema, "Mimi. Mimi ndiye ninayemkanda."

"Uvimbe huu uliusikia lini mara ya kwanza, Mama?"

"Agosti," nikasema.

Atuganile akafumba macho. Ilikuwa Juni, na yeye alijua kuwa ilikuwa Juni, na hata pale, nyuma ya pazia, mbele ya kitanda, nilijipunguzia miezi miwili.

Tulipelekwa hospitali ya wilaya, kisha Mbeya. Wakapiga picha za ultrasaundi na za eksirei, wakachukua kinyama kwa sindano nene, wakatuambia turudi. Siku za kusubiri majibu Atuganile alipalilia mahindi shamba zima kama mtu anayehama. Usiku mgongo ulimuuma, na sisi tukasema ni jembe.

Majibu tulipewa na daktari wa kike, mtu mzima wa rika la dada yangu mdogo. Nilimpigia Hezron nikamwambia akiwa bado anajiita mwanangu aje, na alikuja, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. Daktari hakukimbilia. Alituambia ni saratani ya titi, imefika kwenye tezi za kwapani, na picha zimeonyesha iko pia kwenye pingili za mgongo na kwenye ini.

"Ilianza lini?" akauliza Atuganile.

"Huenda miaka kadhaa kabla hujamzaa huyu mtoto," akasema daktari. "Mwili umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana. Kila moja ina kazi yake na siku yake ya kufa. Siku moja, kwenye mrija wa maziwa, moja inaharibika na inakataa kufa. Inajigawa. Zinakuwa mbili, nne, nane, na hakuna maumivu yoyote. Zikiwa bado ndani ya mrija wake, au zimefika ukubwa wa punje, tunazitoa, na wengi wanarudi nyumbani wakazeeka. Zikikaa, zinatoboa ukuta wa mrija. Nyingine hufuata vijia vya majimaji ya mwili kwenda kwapani, nyingine huchukuliwa na damu. Zikifika kwenye mfupa au ini, zinaanza kujijenga huko."

Ukubwa wa punje. Alisema punje.

"Daktari," nikasema, "ni mimi niliyezisambaza? Nilimkanda kwa maji ya moto. Kila siku. Tangu Juni."

Nilisema Juni. Hezron akageuka kunitazama. Na ngoja niseme ukweli wangu: nilitaka aniambie ndiyo. Nilitaka aseme ni mikono yako, bibi, ni kitambaa chako cha moto. Mtu aliyekosea kwa mikono anaweza kusema hakujua.

"Hapana, Mama," akasema daktari, kwa upole ulioniumiza. "Maji ya moto hayakufanya lolote, zuri wala baya. Na si ya kuambukiza, wala haitokani na tabia ya mtu. Mama anayenyonyesha huwa na vivimbe vingi, hata sisi ni rahisi kukosea. Ndiyo maana tunasema uvimbe usioondoka kwa wiki mbili upimwe. Kilichoipa nafasi ni miezi."

Nje, kwenye korido, nikamshika Hezron shati.

"Yule mtu wa Kamsamba hayupo," nikamwambia. "Hakuwahi kuwepo. Mkeo alidanganya ili mtoto atibiwe."

"Umejuaje?"

"Alikuwa na mimi siku zote. Nilijua."

"Ulijua lini, Mama?"

"Siku ile ile aliyosema."

Mwanangu ana miaka thelathini na minane na sijawahi kumwona akitafuta ukuta wa kuegemea. Akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kiti cha mkewe mbele ya wagonjwa wote. Sikusikia walichosemezana. Nilibaki koridoni na Goodness mgongoni, na kila nesi aliyepita nilitamani anitukane.

Wakamwanzishia dripu za dawa, kila wiki tatu, Mbeya na kurudi. Nywele zikanyonyoka, kucha zikawa nyeusi. Hezron aliacha safari za Zambia akatafuta lori la kahawa la hapa hapa Mbozi ili alale nyumbani. Daktari alikuwa mkweli: dawa zitaipunguza kasi, zitampa muda na kupunguza maumivu, lakini kuitoa yote haiwezekani tena. Niliwaambia wanawake wa kanisani ukweli kuhusu Kamsamba. Nilisimama baada ya ibada nikausema wote. Walinisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, na wiki iliyofuata nikasikia kwamba mimi ndiye niliyempaka mkwe wangu ugonjwa kwa kitambaa. Sikubishana nao. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita kukanda, na kama angeniita nisingekwenda.

Aprili, Jumanne, nilirudi kutoka kupalilia maharage, nikaingia kwenye bafu la mabati nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Nina miaka sitini na moja, ziwa langu limelala kama soksi, na hakuna anayeliwaza, mimi nikiwa wa kwanza. Nilikuwa najisugua sabuni, mkono wa kulia ukapita chini ya ziwa la kulia, karibu na mbavu. Ukasimama wenyewe.

Punje. Baridi. Haiumi. Kingo si laini.

Sikujiuliza chochote. Sikusema ni mafuta, sikusema ni uzee, sikusema nimechafuliwa na nani. Sikumwita Luka. Sikumaliza hata kuoga; nilijifunga kanga juu ya povu, nikavaa gauni, nikatoka barabarani na kusimamisha bodaboda ya kwanza. Kijana akaniuliza, "Bibi, kuna msiba?" Nikamwambia aendeshe. Saa tisa alasiri nilikuwa nyuma ya pazia la Sista Bushra na mikono juu ya kichwa, na povu limekauka mabegani.

Mikono yangu ilijua kwa sababu ilikuwa imejifunza. Ilikuwa imesoma miezi sita juu ya mwili wa mtu mwingine.

Sista Bushra aliandika barua jioni ile ile. Mbeya walichukua kinyama, wakasema ndiyo, ni yenyewe, lakini haijafika sentimita mbili. Mei wakanifanyia upasuaji. Walitoa uvimbe na ziwa, wakatoa na tezi za kwapani wakazipima, na zilikuwa safi zote. Yule yule daktari ndiye aliyekuja kitandani kwangu na karatasi. Aliisoma mara mbili, kisha akasema, "Umewahi, Mama." Hakutabasamu. Alikuwa anamkumbuka nani, sikuhitaji kuambiwa. Alisema nitameza kidonge kila siku kwa miaka kadhaa na kurudi kupimwa, na kwamba ana matumaini makubwa na mimi.

Matumaini makubwa, na mimi. Njia nzima ya kurudi Mbozi nilitazama milima nikiwa na hasira, kwa sababu mwili wangu ulikuwa unafurahi. Ulikuwa unapumua, una njaa, unataka ndizi za kuchoma za njiani. Nilinunua, nikala, nikachukia kila tonge.

Atuganile alikuwa amelazwa sebuleni, karibu na dirisha, kwa sababu huko chumbani alisema hapati hewa. Pingili zilikuwa zimelegea na miguu ilikuwa imeacha kumsikia tangu wiki ya Pasaka. Goodness, ambaye sasa alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, alikuwa kando ya godoro akigonga kifuniko cha sufuria. Nikakaa kwenye kigoda. Kifua changu upande wa kulia kilikuwa na bandeji na kimenywea, nikajifunika kwa kitenge ili asione, na yeye akaona.

"Shikamoo, Mama. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu."

"Wamesemaje?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mbeya. Yakapotea yote.

"Wamesema nimewahi."

"Mungu ni mwema," akasema, na ninaapa alimaanisha. Macho yake yalijaa maji. Akanyoosha mkono, mwembamba kama wa mtoto, akanishika goti. "Basi Goodness atakuwa na wewe. Nilikuwa naogopa sana, Mama. Nilikuwa nasema tukiondoka wote wawili atabaki na nani."

Nikamshika ule mkono. Nilifikiri yamekwisha, tumesameheana, na moyo wangu mwovu ukaanza kutulia. Goodness akagonga kifuniko. Atuganile alikuwa ananitazama, na nikaona kuna kitu kinatembea nyuma ya macho yake, polepole, kama mtu anayejumlisha.

"Uliusikia lini?" akauliza.

"Jumanne ile ya palizi ya maharage. Nilikuwa naoga."

"Ukubwa gani?"

"Punje."

"Kama wangu."

"Kama wako."

Pumzi yake ilikuwa na mkwaruzo siku hizo.

"Na zahanati ulienda lini, Mama?"

Nilikuwa nimemdanganya nesi. Nilikuwa nimemdanganya mwanangu kwa kunyamaza, na kanisa, na mikono yangu mwenyewe. Nilimtazama usoni, na sikupata mahali pa kuweka uongo mwingine.

"Siku ile ile," nikasema.

Hakulia. Nilimsubiri anitukane. Aliurudisha mkono wake taratibu, akauweka chini ya shuka. Kisha akaniomba nimgeuze aelekee ukutani, na mimi nikainuka, nikapitisha mikono yangu chini yake, nikamgeuza, maana peke yake hawezi tena.